Ushauri wa Familia Haupimwi kwa Ndoa Iliyonusurika

Siku hizi mshauri wa ndoa hatafutwi, anakufuata. Asubuhi yuko redioni, mchana yuko kwenye simu, Jumamosi jioni ana semina ya kiingilio ukumbini. Na pamoja na wingi huo, ni nadra kukuta ukoo usio na ndoa iliyovunjika karibuni au iliyo mahututi. Watu wameziweka habari hizi mbili pamoja, wakatoa hukumu: washauri wamejaa na ndoa bado zinakufa, basi ushauri haufanyi kazi. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanasema ndio unaozivunja. Nimeisikia hukumu hiyo kwenye daladala, kwenye baraza za kahawa, na hata kwa wasomi ninaowaheshimu. Naiona imekosea, na kosa lake lina gharama, kwa sababu linawafungia mlango watu wanaoumia na ambao wangeweza kusaidiwa.

Kazi ya ushauri wa familia si kuzuia talaka. Kazi yake ni kuwauguza waliomo ndani ya nyumba, yaani mke, mume, watoto, na mara nyingi bibi au shemeji anayeishi nao, ili maumivu yao yapate pa kusemewa na waweze kuishi tena bila kujeruhiana, iwe chini ya paa moja au mawili. Ndoa inaweza kunusurika huku kila aliyemo akiwa hoi. Inaweza pia kuvunjika na waliokuwamo wakapona. Sisi tumeuchanganya usuluhishi na uponyaji, kisha tunaulaumu uponyaji kwa kushindwa kazi ya usuluhishi. Mchanganyiko huo haukuanzia mtandaoni. Umo ndani ya sheria zetu na umo ndani ya vikao vyetu vya ukoo.

Tuanze na sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 101 kwamba hakuna ruhusa ya kupeleka ombi la talaka mahakamani mpaka mgogoro uwe umefikishwa mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza hilo lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Misamaha ipo, lakini ni michache, kwa mfano mwenza aliyetelekeza na hajulikani alipo, aliyefungwa miaka 5 au zaidi, au mazingira ya pekee yanayofanya usuluhishi usiwezekane. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Yapo ya kata, yapo ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), yapo ya makanisa. Hati inayotolewa na Baraza isiwe na umri wa zaidi ya miezi 6 siku ombi linapofunguliwa. Wala mahakama haizichukulii hatua hizi kama mapambo: mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilifuta mwenendo wa shauri la talaka kwa sababu mgogoro haukuwa umepitishwa Barazani inavyotakiwa.

Nia ya waliotunga sheria hiyo naiheshimu. Hawakutaka mtu abomoe nyumba kwa hasira za wiki moja. Lakini tazama matokeo yake. Kwa Watanzania wengi, mahali pekee rasmi ambapo mtu wa tatu huketi na mume na mke kuzungumza habari za nyumba yao ni kwenye kizingiti cha talaka. Wakati huo mke ameshahamia kwa dada yake, mume ameshazoea kula mgahawani, watoto wameshagawanywa likizo hii kwa huyu na likizo ile kwa yule. Wengi huenda Barazani kufuata karatasi, kwa kuwa bila karatasi wakili hawezi kuendelea. Halafu tunahesabu waliorudiana miongoni mwao, tunawaona wachache, tunasema ushauri umeshindwa. Watu hao hawakwenda kushauriwa, walikwenda kugongewa mhuri.

Upande wa ukoo hali haitofautiani sana. Niliwahi kualikwa kwenye kikao cha kusuluhisha ndoa ya jamaa wa karibu, kabla mambo hayajafika Barazani. Makochi yalisukumwa ukutani, wazee wa upande wa mume wakaketi karibu na mlango, mke akakaa mkekani na shangazi yake. Mjomba alifungua kwa dua, akamwita mume aeleze, na mume akaeleza kwa kirefu na kwa mpangilio. Zamu ya mke ilipofika alisema sentensi chache huku akikunja na kukunjua pindo la khanga, na kila alipokaribia kiini, mzee mmoja alimkatiza kwa upole: “Hayo ya chumbani tuyaache, mwanangu.” Chumba cha pili watoto walikuwa wamefunguliwa katuni kwa sauti kubwa wasisikie. Wakaombana radhi, wakala wali, wazee wakaondoka na amani ya kweli mioyoni, maana walikuwa wametimiza wajibu wao. Jikoni shangazi alininong'oneza kwamba mtoto wa kwanza, wa darasa la tano, alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani. Kikao hakikulijua jambo hilo, wala hakikuwa na mahali pa kuliuliza.

Mshauri wa familia aliyefunzwa angeanzia hapo hapo. Msingi wa taaluma hii ni kwamba dalili ya mmoja mara nyingi hueleza ugonjwa wa nyumba nzima. Mwaka 1949 daktari wa akili John Bowlby wa London aliandika habari za kijana aliyekuwa akitibiwa kwa muda mrefu bila maendeleo ya maana, mpaka alipoketishwa pamoja na wazazi wake na mambo yakaanza kufunguka. Miaka ya 1960 Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, alifanya kazi New York na wavulana wa familia maskini waliokuwa wameshindikana, akaona kuwa kumtibu kijana peke yake kisha kumrudisha katika nyumba ile ile ni kazi bure. Kwa hiyo aliiita nyumba nzima. Alitazama nani anakaa karibu na nani, nani anajibu swali aliloulizwa mwingine, nani akianza kulia mwingine anabadilisha mada.

Sisi tunazijua nyumba hizo vizuri, ila hatujazoea kuzitazama hivyo. Mume na mke wamenuniana mwezi mzima, na mtoto wa miaka 9 amekuwa tarishi wao. “Mwambie baba yako chakula kipo mezani.” “Mwambie mama yako sili.” Mtoto anakwenda na kurudi, anapunguza ukali wa maneno njiani ili yasimuumize anayepelekewa, na baada ya muda anajifunza kusoma uso wa baba kabla ya kusoma daftari lake. Shuleni mwalimu anasema mtoto hamakiniki. Nyumbani anapigwa kwa kushuka darasani. Mshauri akikutana na familia hii hatafuti kwanza nani mkosaji. Humuuliza mtoto swali dogo, kwa mfano: “Mama akikasirika, baba hufanya nini? Baba akifanya hivyo, wewe huenda wapi?” Wazazi wanasikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna mtu aliyekuwa akijificha chooni. Kisha anawaomba waseme wao kwa wao mambo waliyokuwa wakiyapitisha kwa mtoto, na mtoto anapumzishwa kazi isiyo yake. Anaweza kuchora nao ramani ya ukoo ya vizazi vitatu, na humo ikaonekana kwamba baba naye alilelewa na mzee aliyenyamaza miezi badala ya kugomba. Ni kazi ya wiki kadhaa, ya subira, na inachosha. Lakini ndani yake kuna uponyaji ambao radhi ya jioni moja haiwezi kuuleta.

Je, kuna ushahidi? Upo, na una mipaka yake, na ni vizuri kuvisema vyote viwili. Mwishoni mwa miaka ya 1950, George Brown na wenzake huko London waliwafuatilia wagonjwa wa akili walioruhusiwa kutoka hospitali, wakashangaa kukuta kwamba waliorudi kwa wazazi au wenza wao walirudi wodini zaidi kuliko walioishi kwenye vyumba vya kupanga au kwa ndugu. Utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba nyumba yenye lawama na uhasama mwingi humrudishia mgonjwa maradhi. Kutokana na hapo zikazaliwa programu za kuifundisha familia nzima jinsi ya kuishi na mgonjwa wa skizofrenia, sambamba na dawa, na programu hizo zimethibitika kupunguza kurudiwa na ugonjwa. Kwa vijana wenye tatizo la kujinyima chakula mpaka kudhoofika, tiba inayowashirikisha wazazi ni miongoni mwa zinazopendekezwa mwanzo kabisa. Lakini utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, wenye vijana 832 waliokuwa wakijidhuru, haukukuta kwamba tiba ya familia inapunguza kurudi kwao hospitali kuliko huduma ya kawaida. Anayewaambia watu kuwa ushauri wa familia unatibu kila kitu anawadanganya, na uongo huo huwarudi washauri wenyewe siku matumaini yakianguka.

Sasa tuzipime hoja za wanaopinga, maana hazina uzito sawa. Iliyo nzito kuliko zote ni ya wazee wenyewe. Wanasema: sisi tunaijua familia hii tangu babu, tunafika saa nne ya usiku ukitupigia simu, hatudai ada, na tukizungumza tunasikilizwa kwa sababu tuna heshima ambayo mgeni mwenye cheti hana. Kila neno hapo ni kweli. Mshenga aliyeshuhudia mahari ana haki ya kumkemea mume kwa namna ambayo mtaalamu wa Kijitonyama hawezi. Kungwi aliyemfunda binti anaweza kumuuliza mambo ambayo binti hatamwambia daktari. Udhaifu wa wazee hauko kwenye hekima yao, uko kwenye nafasi waliyokaa. Wao ni sehemu ya familia, wana masilahi ndani yake, wana jina la ukoo la kulinda, na mara nyingine mmoja wao ndiye chanzo cha mgogoro. Mama mkwe hawezi kuwa mwamuzi wa kesi inayomhusu mama mkwe. Na kwa kuwa wanaitwa kupatanisha, hupima mafanikio yao kwa kupeana mikono.

Hoja nyepesi kuliko zote ni kwamba kumwingiza mtu wa tatu nyumbani ni desturi ya Wazungu. Mwislamu anayesema hivyo aisome tena aya ya 35 ya Surat An-Nisaa, inayoagiza kwamba panapohofiwa mfarakano baina ya mume na mke, ateuliwe mwamuzi mmoja kutoka jamaa za mume na mmoja kutoka jamaa za mke. Mkristo naye anajua mafundisho ya ndoa kabla ya kufunga, wasimamizi wa ndoa, na jumuiya ndogondogo zinazoingia nyumbani kwake. Pwani tuna somo, bara kuna wazee wa ukoo, kila kabila lina utaratibu wake. Mtu wa tatu tunaye siku zote. Kigeni kwetu ni kumpa nafasi ya kumsikiliza kila mmoja peke yake, akiwemo mtoto, bila kuwa ameshaamua mwisho wa kikao uweje. Hilo kama ni geni, basi tulipokee, kama tulivyoipokea chanjo.

Ile hoja ya kwamba ushauri unavunja ndoa inahitaji jibu tofauti kidogo, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mtu aliyezoea kunyamaza akipata mahali salama pa kusema, anaweza kusema jambo ambalo ndoa yake haikuwa tayari kulibeba. Wapo walioingia kwenye ushauri wakitaka kurekebisha, wakatoka wamejua kwamba hakuna cha kurekebisha. Lakini hapo ushauri haukuvunja kitu kizima. Waliokuwa wakiufurahia uzima wa ndoa ile walikuwa majirani na wakwe, wasiolala ndani yake.

Na hapa pana jambo ambalo sitalizungumza kwa upole. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa hakimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kipigo. Pamoja na hayo, neno linalotamkwa mara nyingi zaidi kwenye vikao vyetu ni “vumilia”. Mwanamke anaketishwa mbele ya aliyempiga, anaambiwa aeleze, na wote wawili wanajua kwamba usiku huo watarudi kwenye chumba kimoja. Akisema ukweli atalipa, asiposema itaandikwa kwamba hakuwa na malalamiko. Mshauri aliyefunzwa vizuri anajua kwamba penye woga hakuna kikao cha pamoja: anamwona kila mmoja kivyake kwanza, anauliza kuhusu kipigo waziwazi, na akithibitisha hatari anaacha habari za mapatano na kuanza habari za usalama, akishirikiana na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na afisa ustawi wa jamii. Anayeng'ang'ania kupatanisha hapo anahatarisha maisha ya mtu, awe mzee wa ukoo, mchungaji, imamu au mtaalamu mwenye shahada tatu.

Swali la haki ni nani atafanya kazi hii. Wataalamu ni wachache, wengi wako mijini, na ada ya saa moja kwa wengi ni matumizi ya nyumba ya siku kadhaa. Lakini uchache si sababu ya kukata tamaa, kwa sababu Afrika imeshaonyesha njia. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na kina bibi 14 pale Mbare, Harare, Zimbabwe, akawafundisha kuwasikiliza wagonjwa wenye huzuni na wasiwasi kwenye benchi nje ya kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573 kutoka kliniki 24, ulikuta kwamba baada ya miezi 6 dalili za sonona zilibaki kwa takriban asilimia 14 ya waliokaa na kina bibi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Ile ilikuwa huduma ya mtu mmoja mmoja. Lakini Eldoret, Kenya, watafiti walijaribu kitu kilicho karibu zaidi na hoja yangu, wakakiita Tuko Pamoja: tiba ya familia inayotolewa na watu wa kawaida wa mtaani, wale ambao tayari majirani walikuwa wakiwaendea kuomba ushauri. Majaribio ya kwanza yalikuwa madogo, ya familia 10, kwa hiyo tusiyabebeshe mzigo usio wake. Yalichoonyesha ni kwamba familia zilibadilika, na kwamba mshauri wa mtaani akifunzwa na kusimamiwa anaweza kufuata mbinu za kitaalamu bila kupoteza lugha ya nyumbani.

Ndiyo maana nadhani ugomvi wa wazee dhidi ya wataalamu unatupotezea muda. Mwenye heshima ya mtaani apewe mafunzo, na mwenye mafunzo awe msimamizi wake. Hatari tuliyo nayo sasa iko kwa kundi la tatu, la wanaojiita washauri kwenye simu, wasioulizwa na yeyote wamesomea wapi, wanaosoma ujumbe wa mteja hewani na kumhukumu mume wasiyemsikiliza. Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014 inayotaka watoa huduma hii wasajiliwe. Usajili pekee hautoshi, ila unampa mteja mahali pa kulalamika siri yake ikitolewa.

Kwa upande wetu, mengi yanaweza kuanza bila kusubiri Bunge. Wajumbe wa Mabaraza wafundishwe kumwona kila mwanandoa peke yake kabla ya kuwaketisha pamoja, na kuuliza kuhusu kipigo kama swali la kawaida kwa kila shauri. Misikiti na makanisa yanayofundisha kabla ya ndoa yaweke kikao kingine mwaka wa pili na wa tano, wakati ugomvi bado ni wa bajeti na wakwe, kabla haujawa wa mawakili. Shule zenye walimu wa unasihi ziruhusiwe kuwaita wazazi wote wawili mtoto anapobadilika ghafla, na ziwaite kwa mazungumzo badala ya mashtaka.

Na talaka ikishatoka, kazi isikome. Kifungu cha 125 cha sheria ile ile kinaiagiza mahakama kuangalia kwanza masilahi ya mtoto inapoamua akae na nani. Kinachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo, na kinataka matakwa ya mtoto mkubwa kiasi yasikilizwe. Hukumu ikisomwa, hakuna anayeketi na wazazi wale kupanga jinsi watakavyosemeshana kuhusu ada, homa na sikukuu bila kumrudisha mtoto kwenye utarishi. Vikao vitatu au vinne vya wazazi walioachana, vyenye ajenda moja tu ya watoto, vinaweza kufanyika kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya. Kinachohitajika ni afisa aliyepangiwa saa hizo, chumba chenye mlango unaofungwa, na hakimu anayeviandika ndani ya amri yake.